Sufuria ya Jumatano

Mume wangu ni dereva wa watalii. Wiki iliyopita alirudi kutoka kreta kule mbugani akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na habari mpya mdomoni. Wageni wake, mama mmoja na binti yake, walimweleza njiani kwamba kwao siku hizi watu wengi huchagua siku moja ya wiki wasile nyama kabisa. Wengine kwa ajili ya afya, wengine kwa kuwahurumia wanyama, wengine kwa sababu jirani anafanya hivyo.

"Siku moja tu," alisema huku akivua viatu kwa taabu, maana kidole gumba cha mguu kimeanza kumsumbua na daktari ameshamwambia apunguze nyama nyekundu. "Wazungu wana mambo! Nadhani na sisi tujaribu, ila sijui tuanzie wapi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikapanda juu ya kiti, nikashusha kutoka juu ya kabati sufuria ambayo Mama alinipa nilipoolewa. Ni ya kawaida, imebonyea ubavuni, na kishikio cha mfuniko kilishang'oka zamani. Pale pamechomekwa kipande cha mti. Nikaipangusa vumbi, nikamwekea mezani mbele yake.

"Tuanzie Jumatano," nikamwambia.

Siku iliyofuata, ndiyo Jumatano yenyewe, niliinjika ngwara, jamii ya maharage, zilizolala kwenye maji. Nilipotia magadi, ule mvuke ulipanda wenye harufu ya udongo uliolowa na sabuni kidogo, harufu ambayo mtu wa kwetu hawezi kuichanganya na nyingine. Nilisimama na kijiko mkononi nikamkumbuka Bibi, mama yake baba yangu, akiwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya mlango wa jikoni akisubiri mwanawe arudi kazini.

Baba alikuwa na bucha pale Karatu mjini, karibu na stendi. Nilikuwa mtoto wa bucha na nilijivunia hilo kupita kiasi. Wenzangu walikula nyama Krismasi na Pasaka, na pengine mgeni akija. Sisi tulikula nyama mchana na jioni, na asubuhi kulikuwa na supu. Nikitoka shule nilipitia dukani kwa Baba, naye ananifungia kipande cha nyumbani kwenye gazeti, na ninapanda mtaani nikiwa nimekishika mbele yangu ili kila mtu akione. Baba mwenyewe alikuwa na shingo isiyoingia kwenye kola yoyote iliyouzwa mjini, na alinukia mafuta ya ng'ombe na sabuni ya mche. Nilidhani baba wote wananukia hivyo, isipokuwa walio maskini.

Ng'ombe alikuwa akiwanunua mnadani. Kuchinja hakuchinja yeye, machinjioni kuna mchinjaji wake, lakini kuchagua ilikuwa kazi yake na alijisifia. Jioni moja alirudi na furaha, akatusimulia wakati tunakula. Amepata jike mmoja wa kijivu, mnene, mpole ajabu, kwa dalali aliyekuwa na haraka. "Sikutumia hata fimbo," alisema. "Nimetangulia mbele, ananifuata nyuma utadhani ananijua."

Tulicheka. Siku iliyofuata mchana tulimla huyo ng'ombe kwa ugali, nami nikalamba vidole.

Ilikuwa mchana huohuo, nimerudi dukani kumpelekea Baba chakula chake, ndipo Bibi alipofika. Aliishi kule Baray na Baba Mkubwa, kaka yake Baba, na alikuwa hasafiri ovyo. Alishuka kwenye lori la vitunguu la kutoka Mang'ola, amekaa mbele na dereva, akavuka barabara na mgolole wake begani, ananuka vitunguu mwili mzima. Baba alifurahi. Alishika kisu mkono mmoja, akamnyooshea mwingine.

"Shikamoo Mama! Karibu, karibu. Mbona hukutuma habari?"

"Nimekuja unisaidie," alisema Bibi. Alizungumza Kiiraqw, lugha ya kwetu, na kidogo cha Kiswahili cha kuokoteza. Ninaandika kama nilivyoelewa. "Kaka yako amechukua Mawingu nikiwa kanisani. Amempeleka mnadani. Wewe unawajua madalali. Mtafute kabla hawajamfikisha kwa mtu wa nyama."

Mawingu alikuwa ng'ombe wake. Alimpata akiwa ndama aliyefiwa na mama, akamnywesha maziwa kwa mkono, na usiku wa mvua alimlaza ndani upande wake wa nyumba. Sisi wajukuu tulikuwa tukimsikia akimtaja kila tulipokwenda Krismasi, lakini nyakati hizo Mawingu alikuwa kwenye malisho na hatukumwangalia sana. Baba naye hakumwangalia. Alikuwa mtu wa mjini.

Baba alifungua mdomo kujibu. Bibi hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anatazama mwisho wa meza, ambapo kichwa cha ng'ombe kilikuwa kimewekwa kusubiri mtu wa supu. Alikwenda pale polepole. Akashika sikio la kushoto, lile lililokuwa na pengo, maana fisi alilirarua Mawingu akiwa mdogo, akalikunjua kwa vidole kama mtu anayeangalia kitambaa.

"Huyu hapa," alisema.

Hakupiga kelele. Hakulia. Baba ndiye aliyeweka kisu chini, akakichukua tena, akakiweka tena. Nilikuwa nimeshika kile chakula na sikujua nimpe nani.

Bibi hakurudi Baray. Alisema hawezi kulala nyumba moja na Baba Mkubwa, ambaye alikuwa na shida zake, na pombe ilikuwa moja ya hizo shida. Mama alimwandalia chumba kidogo cha uani. Bibi alikuwa mwema kwetu wote. Alinisuka nywele, alichambua mboga na Mama, alimwitikia Baba salamu zake zote. Ila hakula chakula chetu. Alijinunulia kijisufuria chake, akawa anajipikia uji na viazi kwenye jiko lake la mkaa, anakula peke yake chumbani, mlango umerudishwa. Mama alimpelekea sahani ya mboga tupu, ikarudi vilevile. "Chungu kimepika nyama," alisema Bibi kwa upole. "Sio kosa lako, mwanangu. Koo linakataa."

Kwetu mtu haachi kula kwa mwanawe hivihivi. Mgeni akikataa chakula, ni mgeni, atakwenda zake. Mama mzazi akikataa, majirani wananong'ona, na mwenyewe unaanza kujinong'oneza. Baba, ambaye hakuna ng'ombe aliyemtisha, alianza kukonda. Alikuwa anasimama uani na sahani yake akitazama ule mlango uliorudishwa, kisha anarudi ndani na kuiacha mezani haijaguswa.

"Kama mama hali changu," nilimsikia akimwambia Mama, "mimi ni mtoto wa nani?"

"Kwa nini usifunge duka?" Mama akauliza.

"Nikifunga, hawa wanangu watakula nini?"

Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, na ushauri wake aliutoa kwa vitendo, tena vya ghafla. Alikwenda mjini kwenye duka la vyombo la mzee mmoja Mwarabu, akarudi na sufuria mpya inang'aa, akapigilia msumari wake peke yake ukutani, mbali na vyombo vingine. Akatutangazia: "Hii ni ya Jumatano. Nyama haitaingia humu hata kwa bahati mbaya. Na Jumatano, katika nyumba hii, hakuna anayekula nyama, wala ndani wala njiani. Wewe," akanielekezea mwiko mimi, maana alinifahamu, "usipitie dukani."

Jumatano ya kwanza alipika ngwara. Nitawaeleza alivyopika, kwa sababu wengi wenu mliolelewa huku mmezisahau na mnakula maharage ya kuchemsha kama wanafunzi wa bweni. Ngwara hulala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi unayamwaga, unazichemsha, na maji yakishabadilika rangi unayamwaga tena, maana yana uchungu. Maji ya pili ndiyo unatia magadi kidogo, ncha ya kijiko, ukizidisha utakula sabuni. Zikilainika unakaanga vitunguu vingi kwenye mafuta ya alizeti, na nikisema vingi ninamaanisha kama lori la Mang'ola limepinduka mlangoni kwako. Vikiwa vyekundu unatia nyanya, kitunguu saumu, unamimina ngwara, unaponda robo yake kwa mwiko ili mchuzi ushike, unatia chumvi, unaacha zichemke taratibu. Ugali wake ni wa mahindi uliochanganywa na mtama. Sokoni Karatu ngwara zipo tele. Ukiwa mbali ulizia fiwi, ni hizohizo.

Baba alirudi mapema. Mama alimzuia uani, kule bombani, na beseni, limau na sabuni. Koti la kazi lilibaki dukani. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akasugua kucha, akavaa shati la kanisani. Mama alitandika mkeka, akaweka sinia moja katikati, kisha akagonga mlango wa chumba cha uani.

"Mama, njoo uangalie hii sufuria. Haijawahi kupika kitu."

Bibi alitoka. Aliiangalia sufuria ndani na nje, akanusa. Alimwangalia Baba katika shati lake la Jumapili. Akaketi. Alimega tonge, akachovya, akatafuna kwa muda mrefu sana, nasi sote tukimtazama mdomo. Kisha akalisukuma bakuli la ngwara upande wa Baba.

"Kula," alisema. "Umekonda."

Baba akainama, akala. Alikula mpaka Mama akainuka kusonga ugali mwingine.

Sasa mimi, katika akili yangu ya utoto, nililielewa jambo hili vizuri kabisa, yaani kwa makosa. Shuleni kwetu aliyefanya kosa alipewa adhabu: kufagia vyoo, kuchota maji, kupiga magoti. Baba alikuwa amemuuza na kumla ng'ombe wa Bibi, na Bibi alikuwa amempa adhabu ya Jumatano. Na sisi wengine tunaadhibiwa naye, kama darasa zima linavyochapwa kwa ajili ya mmoja. Nilimwonea Baba huruma nyingi. Huruma hiyo, nakiri, ilichanganyika na hamu ya maini.

Wenzangu waligundua upesi. Kaka yangu Paskali ndiye aliyebwabwaja. "Nyumba ya bucha inakula ngwara!" waliimba njia nzima. "Baba yako ameishiwa!" Nilirudi nyumbani nimenuna nikamwuliza Mama, "Baba alikosa nini hasa, mpaka adhabu haiishi?"

"Nawa mikono," akasema Mama.

Nikamwuliza Baba mwenyewe amebakiza Jumatano ngapi. Alicheka kwa kishindo, mara ya kwanza tangu siku ile ya kichwa. "Nyingi," alisema. "Niombee ziwe nyingi." Nilishangaa mtu mzima anaombaje adhabu iongezwe. Nilihitimisha kwamba anajikaza kiume, na Jumapili nikaombea kinyume.

Jumatano zikaendelea, na Mama naye akawa mbunifu. Alipika mboga ya mnafu na maziwa ya mgando, mnafu ukichemshwa kwanza, ukakaangwa na kitunguu, maziwa yakimiminwa mwishoni moto ukiwa umepungua ili yasikatike. Alipika makande ya mahindi yaliyokobolewa na mbaazi, akayatia karanga zilizotwangwa na kuyaacha juu ya mafiga mpaka kijiko kikasimama wima. Nilikula sahani mbili nikiwa bado nimenuna, kazi ambayo si rahisi.

Mwishowe niliamua kumaliza jambo lenyewe. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake jioni ya Jumatano, mimi nikiwa kati ya magoti yake ananisuka. Tulikuwa tunasubiri Baba aingie.

"Bibi, msamehe Baba," nikasema.

Vidole vikasimama kichwani kwangu. "Nimsamehe nini?"

"Mawingu."

"Baba yako hakujua. Asiyejua anasamehewa nini?"

"Basi mfutie Jumatano yake."

Alivuta msuko mmoja kwa nguvu, nikadhani amekasirika. Kisha akaendelea kusuka. "Mjukuu wangu, siku nyingine baba yako ananukia kazi. Inanilisha ile kazi, inakulisha na wewe, siitukani. Lakini koo langu halijui hayo. Leo akinawa, ananukia mwanangu."

Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba amekataa, na nikanuna mpaka ngwara zilipoiva.

Niliendelea kutoelewa kwa miaka. Nilikwenda sekondari, nikawa ninarudi likizo, Jumatano bado ipo, sufuria bado iko kwenye msumari wake, mfuniko umeshang'oka kishikio na Baba amechonga kile kipande cha mti. Bibi alizidi kuwa mdogo. Siku nyingine zote aliendelea na kijisufuria chake chumbani. Jumatano Baba alimshika mkono kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka, na alipochoka kumega tonge, alimmegea.

Alifariki nikiwa nyumbani likizo, mwanzoni mwa wiki, usingizini. Mazishi yakapangwa Jumatano.

Kwetu msiba wa mzee, tena mwenye wajukuu, unachinjiwa. Na huyu ni mama wa mtu wa bucha! Waombolezaji walikuja wengi, na sitasema wote waliletwa na huzuni. Waliingia uani wakakuta kinamama wa jumuiya wanakoroga masufuria makubwa, na katika masufuria yote ni makande na ngwara. Katikati, kwenye mafiga yake peke yake, ile ya kwetu ilikuwa inachemka. Minong'ono ikaanza. Wazee wa ukoo wakamtuma mtu amwulize Baba kama nyama inafuata.

Ndipo Baba Mkubwa alipoingia. Hatukuwa tumemwona kwetu tangu Bibi ahamie. Alikuwa amezeeka, ameacha pombe, na nyuma yake anakokota mtamba kwa kamba, mwekundu mzuri. Alivuka uani kila mtu akimwangalia, akasimama mbele ya Baba.

"Nimemleta wa Mama," alisema. "Niitie mchinjaji."

"Asante, kaka. Leo Jumatano."

"Jumatano imefanya nini? Tunamzika leo! Wewe mwenye bucha mji mzima unaujua, unamzika mama kwa ngwara? Watu watasema nini?"

Baba alikuwa ameshanawa. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, na mikono yake mikubwa ilikuwa inanukia limau. Nilikuwa karibu naye, niliisikia harufu.

"Watasema wanachotaka," alijibu. "Mama alikula nami Jumatano. Siku zote nyingine alikula peke yake, mlango umerudishwa. Leo ndiyo Jumatano yetu ya mwisho, kaka. Sitaki ale peke yake."

Nilisimama pale, msichana mkubwa wa sekondari, na mambo yote yakajipanga upya ndani yangu: shati, limau, "niombee ziwe nyingi". Hakuna aliyekuwa ameadhibiwa. Kwa miaka yote ile Baba alikuwa na siku moja tu katika wiki ya kuwa na mama, na alikuwa anaisubiri kuliko mimi nilivyosubiri nyama. Nililia hapo kuliko nilivyolia kaburini.

Baba Mkubwa aliangalia ile kamba. Mama ndiye aliyeichukua mkononi mwake, akaifunga kwenye mti wa uzio, akamnawisha, akampakulia ngwara kutoka sufuria yetu. Baba Mkubwa alikula akiwa ameketi chini karibu na Baba, mabega yanagusana, na wala hakuna tena aliyeulizia nyama.

Mtamba yule hakuchinjwa kesho yake, wala baadaye. Baba, aliyewajua ng'ombe kwa kilo tu, alijifunza ukubwani kukata majani na kukamua. Alimpa jina, na ni lilelile mnalolifikiria, ingawa ng'ombe mwenyewe alikuwa mwekundu hana hata doa la kijivu.

Hiyo ndiyo sufuria niliyoishusha juu ya kabati wiki iliyopita. Jumatano hiyo mume wangu alirudi mapema, jambo lisilo la kawaida, maana siku nyingi anakula chakula cha boksi garini na wageni, na akifika nyumbani sisi tumeshakula. Alinawa vumbi. Nikatandika mkeka, nikaweka sinia moja. Mwanetu, aliye darasa la pili na mpenda nyama kama mama yake, alichungulia kwenye bakuli, akamtazama baba yake, akaninong'oneza kwa huruma:

"Mama, Baba amekosa nini?"

"Hajakosa kitu," nikamwambia. "Nawa mikono, ukae karibu naye."